Kamba ya Fevronia

Saa kumi na moja alfajiri anatugongea dirisha
kwa kifundo cha kidole, mara moja tu.
Kugonga mara mbili, husema Fevronia, ni kubembeleza,
na Ziwa Peipsi halijambembeleza mtu.

Tumo watatu, kama kila Machi
tangu tukiwa vijana wa kiwanda cha viatu kule Tartu:
Endel, akoromaye hata akiwa macho;
mimi;
na Vambola.
Miaka mitatu hatujasemezana, mimi na Vambola,
kwa sababu ya boti moja yenye injini mbovu
ambayo kila mmoja wetu anaapa aliilipia yeye.

Endel ndiye mkalimani.
"Mwambie anipe sukari."
"Anasema umpe sukari."
Lugha ni ile ile moja, meza ni moja,
magoti yanagusana.

Fevronia hana habari na boti.
Ana mashada ya vitunguu dari nzima,
ana mababu waliokimbilia ufuko huu na picha zao takatifu
kwa kukataa kubadili mpango wa vidole katika sala,
na ana upondo wa baba yake Savvati,
wenye ncha ya chuma iliyolika upande.
Anatufunga kamba viunoni,
hatua kumi na mbili baina ya mtu na mtu:
yeye, Endel, mimi, Vambola.
Hakuuliza nani anapatana na nani.
Alitupanga kwa uzito.

Tunatembea juu ya maji kama watu wasio na dini.
Kila hatua tatu anadunda upondo,
na barafu inajibu: ng'o!
Ng'o!
"Hii inakataa," anasema bila kugeuka.
"Inayokataa ndiyo njema.
Iogopeni itakayokubali."

Tukatoboa matobo kwa keekee, tukakalia makasha yetu,
fimbo fupi mkononi, urefu wa mwiko wa uji.
Nikavua sangara saba, wadogo, wenye milia,
mapezi mekundu kama masikio ya mtoto kwenye baridi.
Endel wanne na usingizi.
Vambola hakupata kitu. Alikuwa akiitukana ndoana
kwa sauti ya kunifikia mimi.

Kisha Fevronia akasimama.
Hakutazama mbingu. Alivua kofia, akatega sikio.
"Kunjeni."
"Hata saa sita haijafika," Endel akalalama, "na nimelipa siku nzima!"
Alikuwa tayari anakunja kamba yake.
Upepo ulikuwa umegeuka, unatoka kusini,
mimi sikuusikia hata shavuni.

Njia tuliyojia haikuwepo tena.
Palikuwa na mstari mweusi, mwembamba, kama wanja.
Tukazunguka. Ng'o. Ng'o. Ng'o.
Halafu upondo ukadunda, na barafu ikanyamaza.
Fevronia akainua mkono,
nami, mjinga, nilikuwa nikitazama ndoo yangu.

Mguu ukazama hadi pajani.
Baridi ile sina jina lake.
Ninachokumbuka ni kiuno:
kamba ya nyuma ilikaza kabla sijapiga kelele.
Vambola alikuwa ameshakaa chini, visigino vimeng'ata theluji,
kamba mizunguko miwili kwenye kifundo cha mkono,
uso umemwiva.

"Umenenepa," akasema.

"Anasema umenenepa," akapaza Endel kutoka mbele,
kwa mazoea.

"Nimesikia. Vuta!"

Jioni suruali yangu inafuka mvuke juu ya jiko la matofali.
Boti hakuna aliyeitaja; bado naamini ni yangu.
Sangara saba wanaungua kidogo, vitunguu vimewafunika aibu.
Kifundo cha Vambola kimevimba, kina alama ya nyuzi,
anakificha chini ya meza.

Fevronia anaipitisha kamba vidoleni, pole pole,
kama mtu apekuaye kichwa cha mtoto.
Kamba hukatikia pembamba, nasi sote twajua.
Anapapata. Anapakata kwa kisu cha samaki,
anafunga fundo, analikaza kwa meno.

"Mwakani," anasema,
"zitakuwa hatua kumi na moja."